Kesi Huanzia Ofisini kwa Wakili: Kumchagua Mwanasheria Mzoefu na Kujiandaa kwa Kikao cha Kwanza



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku karani wa mahakama anapotuletea wito nyumbani: tumpateje wakili anayeijua kazi yake, na tujiandaeje kabla ya kukaa naye kwa mara ya kwanza. Nimekubali kwa moyo mweupe kwa sababu kuna jambo moja ninaloliamini kabisa, na mhadhara huu wote utalizunguka. Kesi nyingi za watu wetu huharibika mapema mno, kabla hakimu hajaliona jalada. Huharibika katika ile saa ya kwanza mwenye kesi anapokaa mbele ya wakili, kwa sababu ya tarehe ambayo haikutajwa, karatasi iliyobaki nyumbani kabatini na neno lililofichwa kwa aibu. Yanayofuata mahakamani huwa ni matokeo ya saa ile.

Nitasema zaidi habari za Tanzania Bara, maana huko ndiko ninakofanyia kazi. Zanzibar ina sheria zake, mahakama zake na chama chake cha mawakili, ingawa mengi kuhusu kikao cha kwanza yanafanana.

Nitaweka mfano mmoja, tutembee nao mwanzo hadi mwisho. Ni mfano wa kutunga, lakini kila wakili wa mashauri ya ardhi na mirathi aliyeko hapa atautambua. Dada mmoja wa mkoani Morogoro alifiwa na baba yake Machi 2013. Mzee aliacha nyumba mjini na shamba la ekari nne kijijini. Ukoo ukakaa kikao, wakakubaliana kwa mdomo nani atatunza nini, na hakuna aliyekwenda mahakamani kufungua mirathi. Masika ya mwaka 2016 wakamkuta mtu analima upande mmoja wa shamba. Alipoulizwa akasema ameuziwa na baba mdogo. Familia ikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, wakapatanishwa, wakagombana tena, miaka ikapita. Sasa dada huyu ameamua kutafuta wakili.

Tuseme amekwenda kwa mawakili wawili. Wa kwanza amemsikiliza kidogo, kisha akamwambia, "Dada, hii kesi ni nyepesi. Lipa nusu leo, kesho tunafungua." Wa pili amemwuliza maswali mpaka dada akahisi yeye ndiye anayeshtakiwa. Baba alifariki lini? Alikuwa analima shamba hilo mpaka anafariki? Nani ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Baba mdogo yu hai? Shamba linapakana na nani, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi? Mmeshakwenda baraza la kata, na kama mmekwenda, mlipewa karatasi gani?

Dada huyu anaweza kutoka kwa wakili wa pili akiwa amechoka na kuvunjika moyo, akaona afadhali yule wa kwanza aliyempa matumaini. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopotea. Nawaomba tulitazame kila swali la wakili yule wa pili, maana ndani yake ndimo uzoefu unamoonekana.

Aliuliza tarehe ya kifo kwa sababu ya muda. Sheria yetu ya Ukomo inatoa miaka 12 ya kudai kurejeshewa ardhi. Na inasema kwamba kama marehemu alikuwa anaimiliki ardhi hiyo mpaka siku anafariki, haki ya kuidai huhesabiwa tangu siku ya kifo. Ukihesabu tangu Machi 2013, miaka 12 ilitimia Machi 2025. Ukihesabu tangu mvamizi alipoingia mwaka 2016, muda bado upo. Upande wa pili utashikilia tarehe ya kifo na kuweka pingamizi la awali kwamba shauri limepitwa na wakati. Wakili mzoefu anaiona hoja hiyo dakika kumi za mwanzo na kuanza kujipanga. Asiyejua huiona siku anapopewa nakala ya pingamizi, fedha za mteja zikiwa zimeshatumika.

Aliuliza juu ya msimamizi wa mirathi kwa sababu mali ya marehemu haidaiwi na kila mtoto. Anayedai kwa niaba ya marehemu ni yule aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo ushahidi wa uteuzi huo ni Fomu namba 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni hatua ya kupendekeza jina tu. Dada yetu akifungua kesi kwa jina lake mwenyewe bila uteuzi huo, wapinzani watasema hana haki ya kusimama mahakamani kwa mali hiyo, na shauri litaondolewa kabla ya shahidi hata mmoja kusikilizwa.

Aliuliza kama baba mdogo yu hai kwa sababu aliyeuza na aliyenunua wanapaswa kuunganishwa katika shauri moja. Mahakama zetu zimelisisitiza hilo tangu miaka ya 1980. Aliuliza mipaka kwa sababu sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inataka ardhi inayogombewa ielezwe kwa namna ya kuitofautisha na nyingine. Ukiandika "shamba la ekari nne lililopo kijijini," hujasema lolote. Hata ukishinda, ni shamba gani utakalokabidhiwa? Na aliuliza habari za baraza la kata kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi ya baraza la kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, wala si kuamua. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitasikiliza shauri mpaka baraza la kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kufanyika.

Maswali sita, na kila moja lina mlango ambao kupitia huo kesi ingeweza kutupwa nje. Kwa hiyo mkitaka kupima uzoefu wa wakili, sikilizeni anauliza nini. Ahadi ni rahisi kutoa. Swali zuri hutoka kwa mtu aliyeona kesi ikianguka kwa sababu ile ile.

Kabla ya uzoefu, hata hivyo, lazima mjue kama mtu huyo ni wakili kweli. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria na bado asiwe wakili. Ili awe wakili anatakiwa kukamilisha mafunzo ya vitendo, kukubaliwa na Jaji Mkuu na kuingizwa katika orodha ya mawakili, na kisha kuhuisha leseni yake kila mwaka. Msilichukulie hili kuwa jambo dogo. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba kazi iliyofanywa kiuwakili na mtu asiye na leseni hai haina nguvu kisheria. Maana yake, hati iliyoandaliwa na kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili, inaweza kuanguka pamoja na haki yako yote, hata kama madai yako ni ya kweli.

Vishoka wapo. Wanakaa karibu na milango ya mahakama na mabaraza, wana mihuri, wana mikoba, na wanazungumza kwa kujiamini. Njia ya kuwakwepa ni fupi. Mwombe wakili jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha uhakiki katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, ambao mwananchi yeyote anaweza kuufungua kwa simu. Usiyeweza kutumia simu ya namna hiyo, mwombe kijana wako wa nyumbani, au uliza ofisi ya Chama cha Mawakili Tanganyika iliyo karibu nawe. Wakili wa kweli hakasiriki akihakikiwa. Na kila hati anayokuandalia itazame mwishoni: sheria inamtaka aliyeiandaa aweke jina na anwani yake. Hati ambayo mwandishi wake hataki jina lake lionekane usiipeleke popote.

Ukishajua ni wakili, tafuta kujua kama ni wakili wa jambo lako. Miaka mingi kazini peke yake haitoshi. Aliyetumia miaka 20 kuandaa mikataba ya mabenki anaweza kuwa hodari kabisa, lakini shauri la kuachishwa kazi likawa geni kwake. Na mashauri ya kazi yana saa yake kali: anayedai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kulifikisha jambo hilo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Unayetaka kuishtaki serikali unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90. Uliyeletewa hati ya madai una siku 21 za kuwasilisha utetezi wako wa maandishi, na ukichelewa shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Wakili aliyezoea eneo lake anazijua siku hizi kama anavyozijua siku za wiki.

Namna nzuri ya kuulizia ni kupitia watu ambao wameshapita njia hiyo. Waulize zaidi ya "Alishinda?" Waulize: alikuwa anafika mahakamani mwenyewe? Alikuwa anakupigia simu kukueleza kesi imeahirishwa hadi lini? Alikupa nakala za hati? Pia maamuzi mengi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yamewekwa bure katika tovuti ya TanzLII. Andika jina la wakili, usome mashauri aliyosimamia. Kushindwa kesi siyo dosari. Kila wakili hushindwa. Angalia mashauri yake yanaanguka kwa sababu gani. Kama mara kwa mara yanaondolewa kwa kuchelewa au kwa hati zenye kasoro, umeshapata jibu.

Na kuna maneno mawili ukiyasikia nyanyuka uondoke. La kwanza ni "Nakuhakikishia utashinda." Hakuna wakili anayeweza kuhakikisha uamuzi wa mtu mwingine. La pili ni "Hakimu namfahamu, tafuta kitu kidogo tumpelekee." Aliyetoa rushwa ni mkosaji kama aliyepokea. Mtu anayekuambia hivyo anakutoa katika madai ya ardhi na kukuingiza katika kosa la jinai, na fedha hiyo mara nyingi hata haivuki mfuko wake.

Ndugu zangu, sasa nije upande wa mwenye kesi, maana hapa ndipo penye kazi kubwa zaidi. Wakili hodari akipewa taarifa pungufu atatengeneza kesi pungufu. Hakuwepo shambani, hakuwepo kwenye kikao cha ukoo. Anachokijua ni kile ulichomletea.

Anza na daftari. Kabla hujapanga siku ya kumwona wakili, kaa chini nyumbani, chukua daftari la kawaida la shule, uandike mambo kwa mfuatano wa tarehe, tukio moja mstari mmoja. Andika lililotokea, nani alikuwepo, na kama kuna karatasi. Ukurasa wa dada yetu ungesomeka hivi:

Machi 2013: Baba alifariki. Cheti cha kifo kipo.

Juni 2013: Kikao cha ukoo nyumbani kwa shangazi. Muhtasari upo, baba mdogo hakusaini.

Masika 2016: Tulimkuta mtu analima upande wa mtoni. Tarehe siikumbuki. Walioona ni kaka na jirani wa kusini.

Agosti 2016: Mwenyekiti wa kijiji alitukutanisha. Hakuna karatasi.

Novemba 2019: Baba mdogo alinitumia shilingi 300,000 kwa M-Pesa. Nilipokea.

Tazameni ukurasa huo ulivyo wa kweli. Pale asipokumbuka tarehe, amesema hakumbuki, hakubuni. Mtu akibuni tarehe nyumbani, ataulizwa juu yake akiwa kizimbani, na hapo shahidi mmoja atasema Aprili na mwingine Juni, na hakimu atawaona wote waongo. Pale pasipo na karatasi, amesema hakuna. Na ule mstari wa mwisho, wa shilingi 300,000, ndio mgumu kuliko yote. Nitaurudia.

Baada ya daftari, kusanya karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na ofisini kwa wakili utaona ukweli wake. Kwa dada yetu zinahitajika cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo, Fomu namba 4 kama ipo, karatasi yoyote inayoonyesha mzee alivyolipata shamba, iwe hati ya mauziano, barua ya kijiji au hati ya kimila, pamoja na barua zozote za mwenyekiti au baraza. Kwa anayegombana na mwajiri: mkataba, hati za mishahara, barua za onyo, barua ya kuachishwa na tarehe aliyoipokea. Kwa aliyeletewa wito: wito wenyewe, na siku halisi ulipomfikia.

Hati ya mauziano ya kienyeji inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mara nyingi ni karatasi moja ya mistari, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kukatika, ina dole gumba la muuzaji, majina ya mashahidi na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Ilete jinsi ilivyo. Usiipige pasi, usiipake gundi, usiongeze jina lililosahaulika, usirekebishe tarehe hata kama unajua iliandikwa vibaya. Wino mpya juu ya wino wa zamani unaonekana, na karatasi iliyokuwa ya kweli hugeuka kuwa ya mashaka. Kosa lililomo waachie wakili na mashahidi walieleze.

Peleka karatasi halisi ili wakili azione kwa macho yake, lakini mwachie nakala. Kama shauri linahitaji azishike zile halisi, andikeni orodha ya kila karatasi, mtie sahihi wote wawili, na wewe ubaki na nakala ya orodha hiyo. Mahakama kwa kawaida hutaka hati yenyewe, na nakala hupokelewa kwa sababu maalumu tu. Ikipotea ya kwako peke yake, umepoteza zaidi ya karatasi.

Simu nayo ni kabati la ushahidi siku hizi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu, picha na kumbukumbu za malipo vinaweza kupokelewa mahakamani, ila lazima ionyeshwe kwamba havikuchezewa. Kwa hiyo usifute chochote, hata ujumbe unaokuumiza. Usitegemee picha ya skrini peke yake kama simu yenyewe ipo. Usiiuze simu hiyo wala usimwachie fundi aisafishe. Kumbukumbu za malipo ya zamani ziombe mapema kwa kampuni ya simu.

Sasa turudi kwenye shilingi 300,000. Dada yetu anaona aibu. Baba mdogo alimtumia fedha, hakusema ni za nini, yeye alikuwa na mtoto mgonjwa, akazipokea na kuzitumia. Moyoni anahofu kwamba akilisema hilo wakili atamwona mla rushwa wa mali ya baba yake. Basi ananyamaza. Shauri linafunguliwa, mashahidi wanasikilizwa, kisha siku baba mdogo anaposimama kujitetea, wakili wake anatoa kumbukumbu za M-Pesa na kusema: "Mheshimiwa, huyu alipokea mgawo wake wa mauzo. Aliridhia." Chumba kizima kinageuka kumtazama. Wakili wake naye anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, na hana la kusema.

Lau angelisema siku ya kwanza, wakili angeuliza: fedha zilitumwa lini, kulikuwa na ujumbe gani, mtoto alitibiwa wapi, risiti zipo? Kulikuwa na mazungumzo yoyote ya mauzo wakati huo? Jambo lile lingeelezwa mapema na dada mwenyewe, kwa utulivu, na nguvu ya wapinzani ingepungua. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Neno baya ulilolisema wewe mwenyewe kwa wakati wake linaeleweka. Lililofichuliwa na adui linaua hata yale mazuri uliyokwisha kusema.

Na msiogope. Sheria ya Ushahidi inamkataza wakili kutoa siri alizoambiwa na mteja wake kwa ajili ya kazi yake bila ruhusa ya mteja, na katazo hilo linaendelea hata baada ya kazi kwisha. Ulinzi huo una mpaka: haumkingi anayemtumia wakili ili atende uovu. Lakini mtu anayesimulia yaliyopita ili apate ushauri, analindwa.

Hapa niseme neno juu ya familia zetu, kwa heshima zote. Kwetu mtu haendi peke yake kwenye jambo zito. Anakwenda na kaka, na shangazi, na mzee wa kanisa au wa msikiti, na mara nyingi anayezungumza ni mzee, mwenye kesi akiwa ameinamisha kichwa. Upendo huo sitaki tuupoteze. Lakini wakili anahitaji kusikia kutoka kwa yule aliyeona na aliyetenda, kwa mdomo wake. Tena, katika msafara ule huenda wamo mashahidi wa kesho, na mashahidi waliokaa chumba kimoja wakisikilizana hufika mahakamani na maneno yanayofanana mno. Na siri iliyosemwa mbele ya watu sita ni vigumu kuilinda. Basi wazee wawasindikize, wasalimiane na wakili, kisha wampishe mwenye kesi aongee peke yake na wakili wake. Wakili akiomba hivyo msione amewavunjia heshima.

Siku ya kikao fika na mambo matatu: daftari, karatasi zilizopangwa kwa mfuatano wa tarehe, na jibu la swali moja ambalo watu wengi hawajajiuliza: unataka nini hasa? Dada yetu anataka shamba lote lirudi? Angekubali fidia? Anataka baba mdogo aadhibiwe, au anataka amani na mipaka iheshimiwe? Wakili atakuambia lipi linawezekana kisheria, lakini kuchagua ni kwako. Mashauri mengi yangemalizwa kwa usuluhishi mapema kama mwenye kesi angelijua jibu lake.

Nawe una haki ya kuuliza. Uliza: "Udhaifu wa kesi yangu uko wapi?" Asiyeona udhaifu wowote hajaitazama. Uliza: "Nani atasimama mahakamani, wewe au kijana wako wa ofisini?" Uliza: "Njia nyingine isiyo ya kesi ipo?" Uliza: "Hatua ya kwanza ni ipi, na mwisho wake ni tarehe ngapi?" Majibu yaandike kwenye daftari lile lile, mbele yake.

Kisha fedha. Wengi huona haya kuzungumza bei na msomi, wakaja kugombana naye baadaye. Zipo kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015 zinazoweka viwango, na makubaliano yenu yanapaswa kuwa ya maandishi. Karatasi hiyo iseme malipo ni kiasi gani na yanafika wapi: hadi hukumu tu, au na utekelezaji wake? Rufaa imo au ni mkataba mwingine? Ada za mahakama, usafiri na nakala zinalipwa na nani? Mnalipana kwa awamu zipi? Kila unapolipa dai risiti. Fedha unayompa akutunzie, kwa mfano ya kumlipa muuzaji wa kiwanja, inatakiwa ikae katika akaunti ya wateja, mbali na fedha yake mwenyewe.

Usitie sahihi usichokielewa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza bado hutumika inapobidi. Ukipewa hati ya Kiingereza, mwombe wakili akueleze aya kwa aya. Hati ya kiapo hasa ni neno lako chini ya kiapo. Kukiwa na uongo ndani yake, mwenye kuulizwa ni wewe.

Najua wapo hapa wanaosema moyoni, "Haya yote ni ya wenye fedha." Sivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria walioko katika wilaya zetu, pamoja na taasisi zinazotoa huduma bila malipo kwa wasio na uwezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, yaani TAWLA, na wengineo wamefanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Anzia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, watakuelekeza. Na huko nako daftari lako litakusaidia vilevile, pengine zaidi, kwa sababu mtoa msaada ana foleni ndefu na muda mfupi wa kukaa nawe.

Mkishaanza kazi pamoja, uhusiano huo una wajibu pande zote. Wewe ufike siku ya kesi, umjulishe wakili ukibadilisha namba ya simu, na usiende pembeni kujadiliana na wapinzani bila yeye kujua. Yeye akueleze kila hatua, akupe nakala, na atunze tarehe. Asipofanya hivyo, mwandikie kwanza mwenyewe. Ikishindikana una haki ya kubadilisha wakili baada ya kumlipa kwa kazi aliyokwisha kufanya. Na ikiwa ni utovu wa maadili, unaweza kulalamika mbele ya Kamati ya Mawakili, inayoongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu na yenye mamlaka ya kumwadhibu wakili hadi kumwondolea uwakili.

Ndugu mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Hatuwezi sote kusomea sheria, na hatuna haja. Lakini kila kaya iliyo hapa inaweza wiki hii kufanya mambo mawili. Kama kuna mzazi aliyefariki na mirathi yake haijafunguliwa, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkaifungue, hata kama leo mnapendana na hakuna anayegombea kitu, kwa sababu miaka ile 12 haisubiri ugomvi wenu. Na kama kuna kiwanja au shamba, wekeni karatasi zake mahali pamoja, muandike mipaka na majina ya majirani walio hai, na mtu zaidi ya mmoja nyumbani ajue zilipo. Mkifanya hivyo, siku mkihitaji wakili mtamfikia mkiwa na kesi mkononi, na yule anayeijua kazi yake atakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Haki ya mtu wa kawaida katika nchi hii inategemea maandalizi hayo kuliko ufasaha wa wakili yeyote.